Nimebakiza wiki 6 nianze fizikia ya chuo. Nijiandae vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kozi ya fizikia ninayokwenda kuianza inasifika kwa kufelisha. Sekondari nilifaulu kwa kukariri fomula. Je, nianze kukisoma kitabu cha kozi mapema?

Jibu: Marahaba. Kitabu kiache kwanza. Wengi ninaowaona wakifeli hawaangushwi na fizikia; wanaangushwa na aljebra na trigonometria wanazodhani wanazijua. Jipime leo. Katika v² = u² + 2as (v ni kasi ya mwisho, u ya mwanzo, a mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, na s umbali), tafuta s bila kuingiza thamani yoyote mahali pa herufi. Kisha chukua kani ya niutoni 10 iliyoinuka nyuzi 30 kutoka mlalo, uigawe vijenzi viwili (utapata takribani 8.7 mlalo na 5 wima). Ukikwama popote, wiki 2 za mwanzo ni za hesabu tu. Kama kozi yenu inatumia kalkulasi, hakikisha unaelewa maana ya mteremko wa grafu na eneo lililo chini yake. Mengine mtafundishwa.

Baada ya hapo, zoea kuchora kani kabla ya kugusa fomula. Hapa ndipo waliokariri wanapoumbuka. Mtu wa kilo 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti. Lifti inapanda, lakini inapunguza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde mraba. Mizani inamsukuma kwa kani gani? Kila mwaka nusu ya darasa hunijibu kwamba imeongezeka, "kwa sababu anapanda". Chora mtu peke yake: uzito unamvuta chini kwa niutoni 588 (60 × 9.8), mizani inamsukuma juu kwa N. Mchapuko unaelekea chini, hata kama mwendo ni wa kwenda juu. Basi 588 − N = 60 × 2, na N ni 468. Imepungua! Asiyetofautisha mwendo na mchapuko hataokolewa na fomula yoyote.

Jambo jingine, herufi zibaki herufi mpaka mstari wa mwisho. Tofali likiteleza kwenye mteremko usio na msuguano, ukibeba herufi tupu utapata a = g sin θ (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8; θ ni pembe ya mteremko), na utaiona tungamo ya tofali ikijifuta yenyewe. Tena unaweza kujisahihisha: θ ikiwa sifuri tofali halitelezi, ikiwa nyuzi 90 linaanguka huru. Aliyeingiza tarakimu mapema, tuseme za nyuzi 30, anabaki na 4.9 yake, hajui kama ni sahihi.

Maswali 2 au 3 kwa siku yanatosha, mradi usichungulie majibu kabla ya nusu saa ya kuhangaika. Wiki ya 5 sasa fungua kitabu, sura za vekta na mwendo, na kila mfano uliokokotolewa ufunike kwa karatasi ujaribu mwenyewe kwanza.