Maziwa nakamua mimi, watoto wanakosa

SWALI: Dada, mi mke wa mfugaji. Kukamua nakamua mimi ila siku hizi mzee anauza maziwa yote, watoto wanabaki na uji mtupu. Nikisema naambiwa ng'ombe sio wako. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, hili linaniuma kweli. Usianze na ugomvi wa ng'ombe ni wa nani, anza na kibuyu, yaani mkubaliane kabla ya kukamua kwamba ya watoto yanatengwa kwanza ndo yanayobaki yaende kuuzwa, na akigoma mtafute mama mkwe au mzee anayemsikiliza, maana mtoto chini ya miaka miwili akikosa lishe anadumaa na kudumaa hakurudishwi kirahisi. Yachemshe lakini, mabichi yanaweza kuwa na brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo. Wa chini ya miezi sita ni ziwa lako tu, hata maji hapana. Ila maziwa pekee hayatoshi pia, madini ya chuma ni kidogo mno, ongeza maharage, mboga za majani, nyama ikipatikana. Na hela ya maziwa omba uishike wewe hata ya siku mbili kwa wiki, aone inavyorudi jikoni.