Solo inaniishia katikati ya sebene, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya kumbi na harusi hapa Mwanza, huu mwaka wa nne. Nyimbo za kopi hazinisumbui. Shida yangu ni sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanashika usukani na watu wanacheza. Watu wakishakolea, kiongozi anatuashiria tuendelee, na tunaweza kukaa humo dakika 8 hadi 10. Dakika ya 3 mimi nimeshamaliza kila nilicho nacho, naanza kurudia vilevile nilivyopiga kwenye wimbo uliopita. Nimekariri skeli, yaani ngazi za sauti, nyingi kutoka kwenye video, lakini jukwaani vidole vinarudi palepale. Nifanye nini nisiishiwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hebu kwanza tupige hesabu. Tuseme mzunguko wa kodi zenu, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja kama C, F na G, unachukua sekunde 8. Ndani ya dakika 3 mizunguko imeshapita 22. Kama kila mzunguko ulileta kitu kipya, basi umeshatoa mawazo zaidi ya 20 kabla hujakwama. Mtu wa namna hiyo hajaishiwa. Huyo anachuma embe, analing'ata mara moja, analitupa, anaparamia tena mti kutafuta jingine. Kwa hiyo sitakuongezea skeli hata moja. Nitakuomba utumie kidogo ulicho nacho mpaka kokwa.

Chukua sauti tatu tu kwenye ufunguo wa C: so, la, do. Zipige mara mbili bila kubadilisha kitu, ili anayecheza azishike. Mara ya tatu geuza mwisho peke yake: so, la, mi. Mara ya nne acha pigo la kwanza lipite mkono ukiwa kimya, ndipo uingie. Kodi ikihamia F, lihamishe umbo lilelile: do, re, fa. Ikifika G: re, mi, so. Sikiliza vizuri, kila umbo linapohama, kifungu hiki cha sauti tatu kinatua kwenye sauti mama ya kodi, ile inayoipa kodi jina lake, kwa hiyo hata ukikipiga kwa kasi sikio halipotei. Sasa kirudishe nyuma: do, la, so. Kisha kigawe, sauti mbili za mwanzo upige wewe, ya mwisho uiache msikilizaji aimalizie kichwani mwake. Umeshapita mizunguko kadhaa na hujatoka kwenye kifungu ulichoanza nacho.

Hivi ndivyo walivyofanya wakubwa tunaowapenda. Mtafute Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Gitaa moja, gumba na kidole cha shahada, na kifungu kifupi kinachozunguka, kila kikirudi kimevaa nguo nyingine kidogo. Msikilize Franco na TPOK Jazz kwenye sebene ndefu. Hakuona haya kukaa na kifungu kimoja mizunguko mingi, nyuzi mbili kwa pamoja, mpaka ukumbi mzima umeingia ndani yake. Kwa Docteur Nico, mpiga solo mwingine wa Kongo, utakuta mkono mwingine kabisa, laini, unaotiririka, lakini hata pale vifungu vinaitana na kujibizana kama beti. Vijana wengi wanachukua kasi ya wapigaji hawa na kuuacha uvumilivu wao. Mimi naona uvumilivu ndio fundi mwenyewe.

Kuhusu nyuzi mbili kwa pamoja, nikupe njia moja utakayoitumia maisha yako yote. Cheza uzi wa 3 na uzi wa 1, ule mwembamba kuliko zote, wa 2 uruke. Nyuzi zote mbili zikiwa wazi, uko kwenye C. Uzi wa 3 freti ya 2 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), uzi wa 1 freti ya 1, uko F. Freti ya 4 na ya 3, uko G. Freti ya 5 na ya 5, ni F tena. Ya 7 na ya 7, G. Ya 9 na ya 8, umerudi C kwa juu. Ni ngazi moja yenye vidaraja 6, na kodi zote tatu za sebene zimo. Wiki nzima usifanye jingine. Panda, shuka, ruka kidaraja, simama kwenye kimoja ukipige kwa mdundo tofauti tofauti.

Uzi wa 1 uliwahi kunikatikia katikati ya sebene nikiwa kijana, kwenye harusi, na akiba sina. Bwana harusi anacheza, kusimama haiwezekani. Nikabaki na nyuzi za katikati na eneo dogo la freti. Nilipiga dakika zilizobaki kwa hofu kubwa, na mzee wetu wa bendi alinifuata baadaye akaniambia leo umepiga muziki. Tangu siku ile wanafunzi wangu nawafungia njia makusudi: dakika 5 kwa nyuzi mbili, au dakika 5 bila kuvuka freti ya 5. Ukinyimwa nafasi ya kukimbia, unaanza kucheza na mdundo, na ukali na ulaini wa mkono, na kimya. Huko ndiko kuna hazina ambayo video za skeli hazikuonyeshi.

Umesema vidole vinarudi palepale. Ndivyo vidole vilivyo, vina kumbukumbu ya njia vilizozizoea kama punda wa mzigo. Dawa yake ni mdomo. Imba kwanza, kisha tafuta ulichoimba kwenye gitaa, hata kama sauti yako si ya kusimamishwa jukwaani. Mbaraka Mwinshehe alikuwa anaimba na kupiga solo yeye mwenyewe, na ukimsikiliza unatambua gitaa lake linapumua mahali mwimbaji angepumua. Ukiimba, pumzi itakukata sentensi zako bila wewe kupanga. Ukitegemea vidole tu, unaongea bila nukta.

Halafu, kwa nini umebeba dakika 10 peke yako? Kuna gitaa la kati, ridhimu, besi, tumba. Sikiliza mpiga tumba anapiga nini mwishoni mwa mzunguko, mjibu kwa mdundo wake uleule. Mpe mwenzako wa gitaa la kati mizunguko minne, wewe piga sauti moja tu chini yake. Mtazame mama anayecheza mbele yako, mabega yake yanakuambia kifungu kipi kimemwingia. Hicho usikiache haraka.

Jambo la mwisho ni kimo. Kwenye taarab ya Unguja, mpiga udi au ganuni akipewa taksimu, yaani nafasi ya kupiga peke yake kwa kubuni, haanzi juu. Anakaa chini, anaizunguka sauti mama, anaionjesha ya jirani, anarudi, na kilele anakichelewesha. Wengi wetu kwenye sebene tunaparamia freti ya 12 dakika ya kwanza, halafu hatuna pa kwenda. Fanya hivi: dakika 2 za mwanzo usipite freti ya 5. Dakika ya 3, ile inayokutisha, ndiyo ufungue nyuzi mbili kwa pamoja. Freti za juu kabisa ziweke akiba mpaka kiongozi atoe ishara ya kukaribia kumaliza.

Jumamosi hii weka simu karibu na jukwaa, rekodi sebene zote za usiku huo. Jumapili sikiliza ukiwa na kalamu, uandike vifungu unavyovirudia kila wimbo. Naamini havitazidi 7 au 8. Chagua vitatu unavyovipenda zaidi na uvipige marufuku kwa wiki mbili, kwenye mazoezi na kwenye kazi. Mahali kidole kinapotaka kukipiga kimojawapo, kaa kimya, imba moyoni, kisha piga ulichokisikia. Wiki mbili zikiisha niandikie tena, na unitumie rekodi ya kwanza na ya mwisho nizisikilize pamoja.