Mizizi husukuma maji, au majani huyavuta?

SWALI: Mwanangu aliandika kwenye daftari la Sayansi, "Mizizi husukuma maji mpaka kwenye majani." Mwalimu akakata neno "husukuma". Mimi sioni kosa la Kiswahili hapo. Tatizo ni nini?

JIBU: Sarufi ni sawa kabisa, ndugu yangu. Tatizo ni mtenda. Kitenzi "sukuma" kimeipa mizizi kazi ambayo, mchana hasa, hufanywa na majani.

Jua likiwaka, maji yaliyo ndani ya jani hugeuka mvuke na kutoka kwenye vitundu vidogo mno. Molekuli za maji hushikana, basi zinazotoka huvuta zilizo nyuma yake, na mvuto huo hushuka kwenye mirija myembamba ya shina hadi mizizini. Wanasayansi Henry Dixon na John Joly walieleza hivyo huko Dublin, Ireland, mwaka 1894, na hadi leo wenzao wengi wanaafiki. Mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, uliopo Kilimanjaro, una mita 81.5, na maji hufika kileleni kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo ningeandika: "Mizizi hufyonza maji udongoni, na majani huyavuta juu." Wapo wanaosema "hunyonya", na si kosa, ila neno hilo humpeleka msomaji moja kwa moja kwa mtoto na ziwa la mama. "Sharabu" naliachia kitambaa na karatasi.

Usipotaka kumtaja mtenda, "maji hupanda" yatosha. Lakini usiandike "mmea hupanda maji", kwani anayepanda hapo ni maji yenyewe, mmea huyapandisha. Kiambishi hicho cha kusababisha, "-ish-", wanafunzi wengi hukisahau, nami naomba walimu wakisisitize.

Hata hivyo "sukuma" ina mahali pake. Usiku, udongo ukiwa umelowa na hewa ina unyevu mwingi, majani hutoa mvuke kidogo sana. Mizizi huendelea kuingiza chumvichumvi, maji huzifuata, kanieneo, yaani mkandamizo wa maji mizizini, hupanda, na hapo maji husukumwa kweli, ingawa nguvu hiyo haitoshi kuyafikisha kileleni mwa mti mrefu. Tazama majani ya magimbi alfajiri: matone yaliyoning'inia kwenye ncha wengi huyaita umande. Umande hutokana na mvuke wa hewani. Matone hayo yametoka ndani ya mmea, yamesukumwa na mizizi.