Uliza Mwalimu: Aliyeishia Kilomita ya 28

Katika toleo lililopita niliwauliza wasomaji mbio zimewafundisha nini. Barua zilizokuja zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zilikuwa mahubiri: mbio ni maisha, maisha ni mbio, na mengine ya namna hiyo ambayo mtu anaweza kuyaandika akiwa amekaa kwenye kochi. Nimezisoma zote kwa heshima, ila nimechagua zile ambazo mwandishi wake alikuwa na jambo linalomkosesha usingizi.

*Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 36, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Mwaka huu nilijiandikisha kwa mara ya kwanza kukimbia marathoni kamili, yaani kilomita 42. Kilomita 10 za kwanza nilizimaliza kwa dakika 52, nikawaacha nyuma wenzangu wote wa kikundi chetu cha jogingi. Kilomita ya 28 goti la kulia likagoma kukunja, nikapanda gari la wagonjwa. Mazoezini nilikuwa nimewahi kufika kilomita 18 tu, lakini niliamini moyo utanifikisha. Sasa kazini wananiita "Nusu Safari". Baba yangu, aliyetulea kwa hadithi ya John Stephen Akhwari, hajasema neno lolote, na ukimya wake unaniuma kuliko goti. Je, ni kweli kwamba mtu anayeacha mbio njiani ataacha na mambo mengine?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hadithi ya baba yako, kwa sababu naona ndiyo iliyokulemea.

Akhwari, Mtanzania mwenzetu, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji ulio mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na pumzi hukatika upesi. Misuli ilimbana, kisha katika msongamano wa wakimbiaji akaanguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani watu wengi wakiwa wameshaondoka, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize. Maneno hayo tunayarudia shuleni, kanisani, misikitini na kwenye harambee, na sijawahi kusikia mtu akilitazama kwa makini neno moja lililomo ndani yake: *ilinituma*.

Akhwari alitumwa. Mtu aliyetumwa ana deni kwa aliyemtuma, na halipi deni hilo kwa kurudi na maelezo. Wewe ulilipa ada ya kujiandikisha kwa fedha yako mwenyewe, na goti lile ndilo linalokupeleka kazini Jumatatu. Hukuwa na deni kwa mtu yeyote barabarani, isipokuwa pengine kwa mkeo na watoto, kama unao, ambao wangependa urudi ukitembea. Siku ile ya Mexico City walianza wakimbiaji 75 wakamaliza 57, na yeye ndiye alikuwa wa 57. Wale 18 walioacha nao walikuwa mabingwa katika nchi zao, na sidhani kama kuna aliyewahi kuwaita majina. Mwaka 2024 Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili mfululizo na mtu wa kwanza kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili, alisimama pale Paris baada ya kilomita 30 mgongo ukimuuma, akatembea huku mashabiki wakimfuata. Ni yeye, na hatuna haki ya kusema kwamba mambo yake mengine yote ataishia njiani.

Hata hivyo sitakuacha uondoke kwa raha kiasi hicho, kwa sababu barua yako ina jambo ambalo umeliandika bila kulitazama. Dakika 52 kwa kilomita 10 ni mwendo wa mtu anayetaka kumaliza marathoni kwa saa 3 na dakika 40 hivi. Huo si mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuvuka kilomita 18. Mwili huhifadhi sukari yake kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo kwa watu wengi hupungua sana inapokaribia kilomita ya 30. Ukikimbia kwa kasi kuliko uwezo wako unaitumia upesi zaidi, misuli inachoka, miguu inakanyaga vibaya, na kiungo kilichokuwa dhaifu tangu zamani ndicho kinacholipa. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mbio zako hazikuharibika kilomita ya 28. Ziliharibika kilomita ya tatu, wakati ule ulipokuwa unawapita wenzako na kujisikia vizuri. Wanaokuita Nusu Safari wanakucheka kwa kosa ambalo hukulifanya, na lile ulilolifanya hakuna aliyeliona kwa sababu wakati huo walikuwa wanakupigia makofi.

Uliuliza kama utaacha na mambo mengine. Mimi ningejiuliza swali tofauti: ni mambo gani mengine ninayoyaanza kwa dakika 52? Mimi niliwahi kufungua duka la vifaa vya michezo, nikajaza rafu zote mwezi wa kwanza kwa fedha ya mkopo, na watu walinisifu sana mwezi huo. Mwezi wa saba nilikuwa nauza mipira kwa bei ya kununulia. Nilikuwa nimefundisha mbio kwa miaka kumi na minne wakati huo, na nilikuwa nikiwaambia watoto kila siku wasitoke kwa pupa.

Muone daktari wa mifupa kwanza. Akikuruhusu, anza na nusu marathoni, na kilomita tano za kwanza zikimbie polepole mpaka uone aibu. Halafu nenda kwa baba yako, usisubiri aseme. Wazee wetu wengi hunyamaza kwa kukosa pa kuanzia, na wewe unakihesabu kimya hicho kuwa hukumu. Mwombe asimame kando ya barabara na chupa ya maji. Mtu aliyependa hadithi ya Akhwari kwa miaka yote hiyo hawezi kukataa kazi hiyo.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Dodoma. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha methali isemayo "kutangulia si kufika". Rafiki yangu amesema methali hiyo ni ya uongo kwa sababu mkimbiaji wetu wa Tanzania, Filbert Bayi, alitangulia na akafika. Nani ana haki?*

Rafiki yako anasoma vizuri, mpe hongera. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Bayi akiwa na miaka 20 aliongoza mbio za mita 1,500 kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3, sekunde 32 na nukta 16. Nyuma yake John Walker, mwenyeji, alikuja kwa kasi kiasi kwamba naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, lakini hakumfikia.

Sasa mwambie rafiki yako asome na ukurasa unaofuata. Mwaka 1980, Moscow, Bayi yuleyule alikimbia kwa mtindo uleule katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliwaacha wenzake mbali, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Alipata fedha, mojawapo ya medali mbili tulizopata mwaka huo. Nyingine ilikuwa ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, na hadi Paris 2024 hatukuwa tumeongeza nyingine katika Olimpiki. Mtu mmoja, mtindo mmoja, matokeo mawili.

Methali haikukataza kutangulia, mwanangu. Iisome tena: imesema tu kwamba kutangulia ni jambo moja na kufika ni jambo jingine. Bayi alipotangulia Christchurch hakuwa amekurupuka. Alikuwa amejifua kwa mwendo huo, na alijua kwamba asipowachosha mapema wenye kasi ya mwisho watammaliza kwenye mita 200 za mwisho. Kijana anayetoka mbele kwenye mbio za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa sababu shule nzima inamtazama anafanya kitu kingine kabisa, ijapokuwa kwa macho vinafanana. Yule wa pili ana methali yake: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwulize mwalimu wako wa Kiswahili kama anakubali kwamba hizo mbili hazina maana moja.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri ninakimbia kilomita sita kabla watoto hawajaamka. Mume wangu hana tatizo, lakini mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ameanza kusema kwamba mwanamke mwenye akili timamu hakimbii bila kufukuzwa, na kwamba majirani wanauliza kuna shida gani nyumbani. Nimewaza kuacha ili kulinda amani. Mbio zimenifundisha utulivu, lakini naona zinaleta vurugu.*

Marahaba, mama. Usiache, na usigombane.

Ningeweza kukupa mifano ya wanawake hodari ili umjibu mama mkwe. Ningekutajia Tegla Loroupe wa Kenya, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994. Au Magdalena Shauri, Mtanzania mwenzetu, aliyekuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Au Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018 akarudi kutwaa tena dhahabu ya Olimpiki katika mita 1,500. Ningekukumbusha pia kwamba Olimpiki yenyewe haikuwa na marathoni ya wanawake mpaka mwaka 1984, kwa hiyo mashaka ya mama mkwe hayakuanzia kwake, na wenye mashaka hayo walikuwa wazungu wenye vyeo. Lakini mifano hiyo ni ya kukufariji wewe. Kwake haitasaidia chochote, kwa sababu hakuuliza kuhusu New York. Ameuliza majirani watasemaje.

Hivyo mwulize yeye. Mwulize alipokuwa kijana alikuwa anatembea umbali gani. Kama ni mwenyeji wa Kibosho au Marangu, utasikia habari za mkungu wa ndizi kichwani kuteremka sokoni na kupanda mlima tena jioni, pengine na mtoto mgongoni, na utagundua kwamba kilomita zako sita zingekuwa mapumziko yake. Msikilize mpaka mwisho bila kumwambia "basi unaona". Nimegundua, tena kwa kuchelewa, kwamba wazee waliotumia miguu kwa lazima huona kama dharau mtu anapoitumia kwa kupenda, na neno la heshima kuhusu kazi yao hufungua milango ambayo hoja haifungui. Kisha mwombe akuamshe. Mzee anayeamka alfajiri akipewa kazi ya kukuamsha atakuwa mshirika wako, na majirani wakiuliza atawajibu yeye mwenyewe, kwa ukali zaidi kuliko wewe.

Kuhusu utulivu, nina neno moja tu. Kama unakimbia ili upate saa moja ambayo hakuna anayekuita, sema hivyo waziwazi kwa mumeo. Ni sababu nzuri, na haihitaji kuvishwa joho la afya. Na usikimbie peke yako gizani: tafuta mwenzako hata mmoja, na mvae nguo za rangi nyeupe, kwa maana madereva wa alfajiri na mbwa wa alfajiri hawana tofauti kubwa.

*Mwalimu, nimekimbia mwaka mzima na muda wangu haupungui. Nifanye nini?*

Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo mwaka 2025, kwa kumtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Katikati hapo ni miaka minane ya mazoezi. Nawe endelea, lakini kwanza niandikie unalala saa ngapi, kwa sababu barua yako haikusema.

*Mwalimu shikamoo. Mimi nipo darasa la sita. Kwa nini kwenye mchakamchaka tunaimba? Mimi nikiimba nachoka na kichomi kinanibana.*

Marahaba, mjukuu wangu. Umeuliza swali ambalo makocha wa nje huwatoza watu fedha nyingi kulijibu. Mtu anayekimbia kwa mwendo unaomfaa anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, akishindwa, amezidisha. Wazee waliotuanzishia mchakamchaka hawakuwa na saa za mkononi za kupima mapigo ya moyo, lakini wimbo ulifanya kazi hiyohiyo kwa watoto mia tatu kwa wakati mmoja, kwani mwendo ukizidi, sauti zinapotea, na kila mtu anasikia kwamba zimepotea.

Kwa hiyo kichomi chako hakiletwi na wimbo. Huenda umekunywa uji mwingi muda mfupi kabla ya kukimbia, au mnakimbizwa kuliko pumzi zenu. Kesho kaa katikati ya mstari usikilize walio nyuma. Kama huwasikii wakiitikia, mwambie kiranja apunguze mwendo, na akikataa, mwambie ni mimi niliyekutuma.