Tomaso wa Akwino alianzia masomo wapi?
Umeuliza kama Tomaso wa Akwino, yule mwanateolojia na mwanafalsafa Mkatoliki, alisoma Paris tangu mwanzo. Hapana, ndugu yangu. Alizaliwa mnamo 1225 hivi katika ngome ya Roccasecca, Italia, na akiwa na miaka kama 5 wazazi walimpeleka kwa Wabenedikto, watawa wa monasteri ya Monte Cassino. Mwaka 1239 akaenda chuo cha Napoli. Huko ndiko alikokutana na maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na Wadominiko pia, shirika la watawa wahubiri. Alipojiunga nao 1244, nyumbani kuliwaka moto wa hasira, maana familia haikutaka! Kaka zake walimkamata njiani, akafungiwa karibu mwaka mzima. Kinachonigusa sana ni kwamba hata humo kifungoni aliendelea kusoma Biblia. Masomo ya Paris na Cologne, kwa mwalimu wake Alberto Mkuu, ni baadaye. Kwa ukimya wake wanafunzi wenzake wakamwita ng'ombe bubu.