Sikiliza neno la mwisho, si tarakimu ya mwisho

Swali la wiki hii liliuliza: kwa nini Kiingereza huandika 21st lakini 11th, ilhali namba zote mbili zinaishia na 1?

Jibu liko kwenye sauti. Herufi mbili zinazofuata tarakimu ni mkia wa neno linalotamkwa: st ya "first", nd ya "second", rd ya "third", na th ya mengine yote. Isome namba kwa maneno, kisha geuza neno la mwisho peke yake. 21 ni "twenty-one". "One" hugeuka "first", ndipo tunapata 21st. 11 ni "eleven", neno moja lisilo na "one", nalo hugeuka "eleventh". Ndivyo zilivyo pia 12th na 13th, hata namba ikikua: 112 huishia na "twelve", basi ni 112th, lakini 122 ni 122nd. Anayetazama tarakimu tu ndiye huandika 11st.

Tahajia nayo ina mitego. "Five" na "twelve" hutoa "fifth" na "twelfth", ve ikiwa f. "Eighth" huongezewa h tu, maana t ipo tayari. "Ninth" hudondosha e, ingawa "nineteenth" na "ninetieth" huibakiza. Makumi hubadili y kuwa ie: "twentieth". Sauti ya th yenyewe tunayo, ile ya thelathini. Kazi ni kuitoa baada ya konsonanti nyingine. Kwenye "sixth" wengi huimeza, msikilizaji akasikia "six". Tamka "siks" polepole, kisha weka ncha ya ulimi kati ya meno na upulize.

Kwenye tarehe ndiko tunakoteleza zaidi, kwa sababu sisi husema "tarehe tano Mei" na kuihamisha ikawa "five May". Mwingereza huandika 5 May, lakini husoma "the fifth of May". Mmarekani huandika May 5, husema "May fifth". Majina ya wafalme ni vivyo hivyo: Charles III husomwa "Charles the Third", hiyo "the" ikitamkwa bila kuandikwa.

Ukielekezwa "first floor" jijini London, panda ngazi; New York, kwa kawaida ni hapo hapo chini unapoingilia.

Sehemu za hesabu pia hutumia maneno haya: 2/3 ni "two thirds", yenye s kwa kuwa juu pana zaidi ya moja. Lakini 1/2 ni "half" daima. Ukisema "one second" utaeleweka umetaja sekunde moja.