Kuhusu ile simu ya Alhamisi

Mwanangu, mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie akiwa jikoni. Unasema ulimwambia Mungu: watu wa Dodoma wakinipigia kabla ya Jumapili, naacha kazi ya hapa Musoma naenda. Wakapiga Alhamisi. Sasa unauliza, "Baba, hiyo ni ishara au ni bahati tu?"

Ngoja nikueleze habari za kivuko.

Mwaka 2004 ulikuwa darasa la pili, kwa hiyo kiwanja cha Buswelu unakikumbuka kwa maembe tu. Yule mwenzangu wa kwaya, wa sauti ya nne, alikuwa na mtumbwi wa dagaa na anatafuta mbia wa kuongeza nyavu na karabai. Alinipa hadi Jumamosi. Nikafunga siku tatu. Siku ya tatu nikashuka hadi gati la feri ya Kamanga, pale Mwanza (daraja la Kigongo lilikuwa halijaotwa hata ndotoni), nikaagiza chai ya maziwa, nikamwambia Mungu: kama ni mapenzi yako niuze kiwanja, kivuko kifike gatini kabla kikombe hiki hakijaisha.

Chai ile niliilamba, sikuinywa. Ikapoa, ikafanya utando juu, mama muuzaji akaniuliza kama ina kasoro. Na saa za kile kivuko nilikuwa nazijua kama namba za tenzi! Kikaingia, robo kikombe imebaki. Nikasema "Amina" kwa nguvu hadi watu wakageuka.

Usiku nikamsimulia mama yako. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso. "Umemwomba Mungu, au umemwomba nahodha?"

Nilikasirika. Kiwanja nikauza.

Giza la kwanza (zile siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa kwa karabai) tulipata, nikatoa fungu la kumi mbele ya kanisa zima, kifua mbele. Giza la pili hivi hivi. La tatu, dagaa wameanikwa mchangani kule kisiwani, mvua ikapiga siku tatu mfululizo. Nilishika konzi moja ikawa uji mkononi. Tulichookoa tukapeleka Mwaloni, Kirumba. Mnunuzi akazamisha mkono guniani, akanusa vidole, akasema, "Hawa ni wa kuku, mzee." Nilikuwa sijafikisha arobaini, na hakuna aliyewahi kuniita mzee kabla ya siku ile.

Aliyenunua kiwanja ameshapandisha ghorofa. Daladala ikipita pale mimi huangalia upande wa pili.

Najua utanitajia Gideoni, na ni kweli, Mungu hakumkaripia. Nimeirudia sana hiyo sura ya 6 ya Waamuzi. Gideoni alitandika ngozi ya kondoo kwenye kiwanja cha kupuria; mimi nilikiuza kiwanja chenyewe. Lakini tazama: usiku wa kwanza aliomba ngozi ilowe na ardhi iwe kavu, usiku wa pili akageuza, ngozi iwe kavu ardhi ilowe. Alimpa Mungu nafasi ya kumkatalia. Mimi sikugeuza. Nimekwambia tangu uko sekondari, Mungu hasemi na mtu aliyekwisha kujijibu. Au pengine anasema, kwa mdomo wa mtu anayechambua mchele, ila huyo sikumwuliza mapema.

Halafu najibishana mwenyewe. Tusingefilisika tusingehamia Igoma kupanga vyumba viwili, na wewe usingempata yule mwalimu wa hesabu. Kanisani wanasema ndiyo mpango wenyewe huo. Siupendi usemi huo. Naona kama namkabidhi Mungu deni langu alipe, kisha nampongeza kwa kulipa. Lakini nikikuona ulipofika, nashindwa pia kusema hakuwemo. Basi. Miaka zaidi ya ishirini na sijamaliza.

Turudi kwenye simu yako. Uliniambia mwenyewe, siku uliyotoka kwenye usaili, kwamba walisema watapiga ndani ya wiki. Sisemi kitu, nakukumbusha tu. Mungu hasemi na mtu aliyekwisha kujijibu. Omba tena, safari hii geuza ngozi. Na mtafute yule mtu usiyetaka kumwuliza, umwulize. Unamjua ni nani.

Kama uende au usiende, hilo sitalijibu. Mama yako amesimama nyuma ya kiti changu anahakikisha. Anasema una miaka ya kutosha na magoti ya kutosha. Anauliza pia kama ule mfuko wa sato wakavu ulifika na dereva.

Dodoma ni pazuri, sikatai. Ila samaki wa huko wanafika na barafu, na hiyo si ishara.

Baba yako